Wote wananijibu "ndiyo mama", tembe zinabaki kabatini

Tantini,

Nakusalimu. Mimi ni reko hapa Goma, upande wa Kyeshero, huu ni mwaka wangu wa tatu. Kwa wasiotufahamu, sisi ndio wale wa jileti, kile kizibao cha kazi, na daftari tunaopita nyumba kwa nyumba kuzungumza habari za chanjo, mbu, kunawa mikono na maji. Mshahara hatuna. Kuna primi kidogo, ikija tunashukuru, isipokuja tunatembea hivyo hivyo.

Miezi hii kazi yangu ni maji. Kwenye avenyu yetu bomba linaweza kukauka wiki nzima, kwa hiyo tunakunywa ziwa. Alfajiri watoto wanashuka na bidoni, yale madumu, za njano, wanapanda nazo kwenye mawe meusi, na zile za biashara zinapanda kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Shirika linatupa tembe za klorini za kugawa. Tembe moja kwa bidoni ya lita 20, unafunga, unangoja dakika 30, unakunywa. Hatudai hata franka moja.

Shida yangu ni kwamba hakuna anayenipinga. Ningepata mtu wa kubishana naye ningefurahi. Kila nyumba ni "ndiyo mama, tumeelewa, Mungu akubariki". Kwenye kikao cha Ijumaa, mama akijibu swali vizuri tunampa kipande cha sabuni, na majibu yanatoka kama wimbo wa kwaya: kipindupindu kinatoka wapi, tembe ngapi, dakika ngapi. Wanajua yote.

Mwezi uliopita nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenituma. Badala ya kuuliza "mnatia dawa?", nikaomba nione tembe zenyewe. Nilipita nyumba 31. Nyumba 29 walikuwa wameniambia kwamba wanatia kila siku. Nyumba ambazo tembe zilikuwa zimepungua kweli nilihesabu 8. Kwa mama mmoja karatasi ya tembe kumi ilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo, zote kumi bado zimefungwa, amewekea alama ukurasa.

Kilichoniumiza zaidi ni yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa. Yeye ni mwalimu, tena anafundisha watoto wa darasa la tano habari za vijidudu. Mwaka jana mtoto wake wa pili alishikwa na kipindupindu. Tulimkimbiza na pikipiki usiku, tukakaa siku tatu na dripu ya serumu, mtoto akapona. Baada ya wiki mbili nafika kwake, nakuta kikombe kinatumbukizwa kwenye bidoni iliyotoka ziwani saa ile ile. Nikalipuka. Nikapaza sauti uani, majirani wanasikia, nikamwambia anataka kuzika. Alinitazama, akasema polepole: "Ile ni kazi yako. Banakulipa juu ya kusema ivyo." Tangu siku hiyo hatusemezani. Mama yetu analia, kila upande unamtuma kwa mwingine.

Sasa wenzangu wananishauri niache maneno matamu. Mmoja ana picha kwenye simu, watoto waliokauka, macho yameingia ndani, anasema tuzichape kubwa tuzipitishe. Mwingine anasema twende kwa shefu wa avenyu aweke faini. Mimi nimeanza kujiuliza kama sina kipaji. Kuna watu wakisema neno moja wanasikilizwa. Nifanye nini ili waamini? Na yaya wangu je?

Niseme na hili kwa kuwa jina silitaji. Alhamisi iliyopita nilirudi jioni nimechoka, mtoto wangu wa mwisho analia kiu, nikamchotea kwenye bidoni ya nyuma ya mlango kabla sijatia tembe. Lakini hilo si swali langu.

Ni mimi, reko aliyechoka, Kyeshero.

*

Mwanangu,

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili na kalamu mkononi. Nilipofika kwenye zile nyumba 29 na zile 8 nikacheka peke yangu, wala si kwa kukudharau. Umefanya kwa miguu yako, asubuhi chache, kitu ambacho kilimchukua bwana mmoja wa Marekani miaka miwili na gari.

Anaitwa Richard LaPiere, alikuwa mwalimu wa sosholojia. Kati ya 1930 na 1932 alizunguka nchi ile akiwa na mwanafunzi mmoja wa Kichina na mke wake, wakati ambapo Wachina walikuwa wakibaguliwa huko mchana kweupe. Waliingia hoteli na mikahawa 251, wakakataliwa mahali pamoja tu. Baadaye, ilipopita kama nusu mwaka, akawaandikia wenye sehemu zile zile: je, mnapokea wageni wa Kichina? Walijibu 128, na zaidi ya asilimia 90 wakasema hapana. Alilichapisha jambo hilo mwaka 1934 na wataalamu hawajaacha kuligombania. Kwao mdomo ulikuwa mkali na mkono laini. Kwako mdomo ni laini, mkono ndio hauendi. Ila mwendo ni ule ule, kwamba ukitaka kujua mtu atafanya nini, kumuuliza ana msimamo gani kunakufikisha karibu tu, hakukuingizi ndani.

LaPiere amelaumiwa, na haki ipo. Aliyejibu barua huenda siye aliyesimama mlangoni siku wageni walipofika. Nimelitaja hilo kwa sababu linakuhusu kuliko unavyodhani. Kwenye avenyu yako, anayekujibu "ndiyo mama" ni mama. Anayeshuka ziwani na bidoni ni nani? Umeandika mwenyewe kwamba ni watoto. Lishike hilo, nitalirudia.

Unaniuliza ufanye nini ili waamini. Wanaamini tayari, mwanangu, na hapo ndipo nguvu zako zote zinapopotelea, kwa kugonga mlango ulio wazi. Mimi nilikuwepo hapa Julai 1994. Wakimbizi kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache wakaujaza mji na barabara zote za kaskazini, na katika mwezi wa kwanza karibu watu 50,000 walikufa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Malori yalikuwa yakipita kuokota maiti kandokando ya barabara. Jiwe la volkano halichimbiki, hata kaburi lilikuwa kazi. Mtu wa umri wangu aliyeona yale hahitaji jileti imwambie kipindupindu ni nini. Na yaya wako hakusimuliwa, alikaa siku tatu akitazama matone ya serumu yakiingia kwenye mkono wa mtoto wake. Kama imani peke yake ingetosha kutia tembe kwenye bidoni, nyumba yake ingekuwa ya kwanza.

Basi picha za kwenye simu uziache. Sisemi hofu haina kazi. Mwaka 1965 kwenye chuo kikuu cha Yale, Howard Leventhal na wenzake walitaka wanafunzi wachanjwe pepopunda. Waliandika vijitabu, vingine vya kutisha sana na picha za wagonjwa, vingine vya upole. Waliotishwa sana walikiri kwamba wameogopa zaidi, wakasema kwa nguvu zaidi kwamba watachanjwa. Waliokwenda kweli? Karibu 3 katika kila 100. Kisha kikundi kingine kikapewa hofu, na juu yake ramani ya chuo yenye zahanati imezungushiwa duara, saa za kufungua, na ombi kwamba kila mmoja aangalie ratiba yake ya wiki achague atapita lini. Wakaenda kama 28 katika 100. Na usisahau kwamba wanafunzi wale walijua zahanati iko wapi, walipita mbele yake kila siku. Ramani haikuwafundisha njia. Iliwakalisha chini wakafikiri: Jumanne, nikitoka darasani, kabla ya kula.

Hofu kidogo ilihitajika, kwa sababu waliopewa maelekezo matupu bila kutishwa hawakwenda. Lakini Goma haina upungufu wa hofu. Tuna volkano ya Nyiragongo juu ya vichwa vyetu, tuna ziwa lenye gesi chini, tuna vita tulivyopitia Januari 2025. Ukimwongezea hofu mtu ambaye hana cha kufanya nayo, atageuza uso. Atakuona kwa mbali na picha zako, atawatuma watoto waseme mama hayupo.

Ramani ndiyo imekosekana kwenye kikao chako cha Ijumaa. Umewafundisha tembe ngapi na dakika ngapi. Hujawahi kuwauliza tembe zinakaa wapi ndani ya nyumba, nani anaitia, saa ngapi, na katika zile dakika 30 mtoto mwenye kiu anakunywa nini.

Dakika 30 hizo nataka tukae nazo, maana humo ndimo jambo lenyewe lilimo. Bidoni inafika saa kumi na mbili asubuhi. Watoto wanakwenda shule, uji haujapikwa, makaa hayajashika. Bidoni ni moja au mbili, na ile ya jana imeisha, ndiyo sababu wameshuka ziwani. Unamwambia mama atie tembe asubiri nusu saa. Asubiri na nini? Maji ya uji yatachemka, sawa. Ya kunywa je? Maji yenyewe yanang'aa, ziwa letu ni zuri, ukiyainua kwenye glasi huoni kitu. Halafu yakishatiwa dawa yananuka, na mtoto anakunja pua. Mama hajakataa mafundisho yako. Anawahi shule.

Dawa ya hapo ni bidoni ya jioni. Nyumba iwe na bidoni moja ya kunywa tu, itiwe tembe usiku kabla ya kulala, kukicha imekwisha kungoja muda wa saa nane, na sehemu ya harufu imekwenda. Ifungwe kipande cha kitenge chekundu kwenye mkono wake ili mtoto asikosee. Na karatasi ya tembe itoke kabatini, itoke kwenye kitabu cha nyimbo (yule mama amenifurahisha, angalau tembe zake zinakwenda misa), itobolewe tundu, ining'inizwe kwa uzi kwenye bidoni hiyo hiyo ya kitambaa.

Watu watakuambia haya ni mambo madogo, na wewe una cheti cha mafunzo ya siku tano kuhusu mabadiliko ya tabia. Wajibu hivi. Magharibi mwa Kenya, mchumi Michael Kremer, yule aliyeshiriki tuzo ya Nobel mwaka 2019, alifuatilia na wenzake jambo hili la klorini kwa miaka. Chupa za dawa zikiuzwa dukani, wachache walitia maji yao. Walipoweka tanki dogo la klorini palepale kwenye chemchemi, unageuza koki, kipimo kinaingia kwenye dumu, bure, na jirani anakuona, watu wengi waliitumia. Dawa ilikuwa ile ile. Kilichohama ni mahali dawa inapokaa, kutoka kwenye rafu hadi kwenye mkono ulioshika dumu.

Na sisi hapa tumeliona kwa macho. Ukishuka kwenye sehemu za kuchotea wakati ambapo kuna watu wa klorini, yule kijana ameketi na bomba lake la sindano, kila bidoni inayopita anaipiga kipimo, unafunga, unaendelea. Nani aliyewahi kumkatalia? Wenye kunung'unika harufu wapo, lakini bidoni inapita. Wala hakuna aliyewahutubia. Kwa hiyo sema na shirika lako: saa mbili zako za mchana unazogongea milango ya akina mama, ziwe saa mbili za alfajiri pale mawe yanapoingia majini. Zungumza na wachotaji. Kijana wa miaka kumi na mbili anayejua kwamba bidoni yenye kitambaa chekundu inapita kwako kwanza atakufaa kuliko mama kumi wanaojua majibu. Wewe umekuwa ukimshawishi asiyechota.

Sasa sabuni. Mkono mtupu haulambwi, najua, na kikao bila kitu watu hawaji. Lakini sikiliza. Mwaka 1959 Leon Festinger na James Carlsmith waliwakalisha wanafunzi saa nzima wakifanya kazi ya kuchosha kupita kiasi, kama vile kugeuza vijiti vya mbao kwenye ubao, robo kwa robo, tena na tena. Kisha wakawaomba wamwambie mwenzao anayengoja nje kwamba kazi ni tamu sana. Wengine walilipwa dola 1 kwa uongo huo, wengine dola 20. Baadaye waliulizwa kwa siri, kazi ile kweli ilikuwaje? Waliolipwa 20 walisema kweli, ilichosha. Waliolipwa 1 ndio walioanza kuiona kazi si mbaya. Mwenye 20 alikuwa na sababu yake mfukoni: nilisema kwa ajili ya hela. Mwenye 1 hakuwa na pa kuegemea, ikabidi moyo usogee ufuate mdomo.

Mama anayeimba majibu yako kisha anapokea sabuni, kichwa chake kinajua kwa nini aliimba. Maneno yale ni ya sabuni. Yamelipwa, yamekwisha, hayadaiwi tena nyumbani. Gawa sabuni, sikukatazi, mikono inaihitaji, lakini igawe mlangoni kwa kila anayeingia, isiwe bei ya jibu. Faini ya shefu ni sabuni hiyo hiyo imegeuzwa juu chini. Watatia tembe siku shefu anapita, na tembe nyingine watazitupa chooni ili karatasi ionekane imepungua, wakakuharibia hata ile hesabu yako nzuri.

Na namna ya kuendesha kikao nayo ibadilike. Wakati wa vita vya pili vya dunia nyama nzuri ilikuwa ikipelekwa kwa askari, na Kurt Lewin, Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1933, akaombwa asaidie kuwafanya akina mama wa Marekani wapike mioyo, figo na vitu vya ndani. Sisi wa Goma tutashangaa mtu kuhitaji mtaalamu ili ale matumbo, lakini ndivyo walivyokuwa. Vikundi vingine vilipewa hotuba nzuri, na mapishi ya kwenda nayo. Vingine viliulizwa tu: mama kama nyinyi, nini kingewazuia? Wakaongea wenyewe, harufu, mume atasema nini, zinaoshwaje. Mwishoni wakainua mikono, nani atajaribu wiki hii. Waliosikia hotuba, 3 katika 100 walipika. Waliozungumza wakainua mikono, 32. Mimi nina mashaka yangu na jaribio hilo, maana vikundi vile vilitofautiana kwa mambo mengi kwa pamoja: waliongea, waliamua, waliona wenzao wanainua mkono, na waliambiwa watafuatiliwa. Kipi kilichofanya kazi? Huwezi kujua. Lakini wewe huandiki tasnifu, tumia vyote.

Unaposema huna kipaji, nadhani unafikiria wale wahubiri wa kipaza sauti. Waache. Kuhusu kusikilizwa, jambo moja linajulikana tangu zamani: neno linapimwa na anayelisema. Carl Hovland na Walter Weiss mwaka 1951 waliwapa watu maandishi yale yale kuhusu nyambizi za nguvu za atomiki. Wakiambiwa yametoka kwa Oppenheimer, yule mwanafizikia, wengi walibadili mawazo. Wakiambiwa yametoka Pravda, gazeti la wakomunisti wa Moscow, wachache. Hapa kwetu jileti ni gazeti la nani? Tangu Ebola ilipofika mjini Julai 2019, magari mengi, hoteli zimejaa, watu wa Goma wanapoona jileti wanaona bajeti. Yaya wako alikuambia hivyo bila kupepesa. "Banakulipa." Maneno yalikuuma kwa kuwa primi yenyewe huioni, lakini alikuwa anakueleza alichokisikia siku ile uani: hakusikia mdogo wake, alisikia shirika. Na shirika likipaza sauti mbele ya majirani, mtu mzima atashika kikombe kile kile na kunywa mbele yako, ili mjue nyote kwamba nyumba ni yake.

Kwa hiyo nenda kwake. Jumapili, bila jileti, bila tembe, na visamaki vya sambaza vichache vya kukaanga kama mlivyokuwa mkila kwa mama yenu. Omba msamaha kwa lile la kuzika, hilo tu. Usilifungie maneno ya maji ndani yake kama dawa kwenye ndizi, atalionja. Likishapita, siku nyingine kabisa, mwombe msaada ambao unauhitaji kweli. Yeye ni mwalimu wa watoto wa umri ule ule wanaochota. Mwulize angewaelezaje habari ya kitambaa chekundu watoto wake wa darasa la tano, na kama angekubali kuifundisha. Irving Janis na Bert King walionyesha mwaka 1954 kwamba mtu anayetunga mwenyewe hoja za jambo na kuzisema mbele ya wengine huvutwa na jambo hilo kuliko anayezisikiliza. Mimi nakuambia hivyo ili ujue kwa nini nimechagua ombi hilo, lakini kama nia yako ni kumtega, usiende. Nenda kama unataka kusikia jibu lake, kwa sababu nina hakika litakuwa bora kuliko langu.

Halafu ile Alhamisi.

Umesema si swali lako. Umeiweka mwishoni, mistari michache, ukaikimbia. Mimi niliizungushia kalamu, maana wewe ni mtaalamu wa maji mwenye tembe bure nyumbani, unaamini kila neno, hakuna wa kukushawishi, na bado mtoto amekunywa. Ni nini kilitokea kati ya mlango na kikombe? Ulikuwa umechoka. Bidoni ya maji yaliyotiwa dawa haikuwepo. Tembe zilikuwa kwenye mfuko wa kazi, nahisi, na mfuko uko chumbani. Mtoto analia. Umenieleza kwa sentensi moja kila kitu ambacho nyumba zile 21 zilikuficha, na zilikuficha kwa sababu hakuna mtu anayekiri kwa jileti.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1992, huko California kulikuwa na ukame, na watafiti kina Elliot Aronson walisimama kwenye bwawa la chuo kikuu wakiwaomba wanawake waliotoka kuogelea watie sahihi tangazo la kuhimiza wengine waoge haraka. Waliotia sahihi, na kabla ya hapo wakaulizwa maswali yaliyowakumbusha wao wenyewe wanavyopoteza maji, walikwenda bafuni wakaoga kwa muda mfupi kuliko wale ambao hawakuguswa kabisa. Kusema neno jema ukiwa umejiona mwenyewe unavyolikosa kunawasha kitu ndani. Haihitaji picha ya mtoto aliyekauka.

Ijumaa hii anza kikao hivyo. Jileti ibaki kwenye kiti. Waeleze habari ya Alhamisi kama ulivyoniandikia, mtoto alilia, nikachota, mimi reko wenu. Kisha nyamaza, na kimya kitakuwa kirefu, usikijaze. Mmoja atacheka. Mwingine atasema hata mimi, na huyo mwache aeleze mpaka mwisho, saa ngapi, bidoni ipi, tembe zilikuwa wapi. Daftari lifunge wakati anasema. Wakishaeleza watatu wanne ndipo utoe kitenge.

Kitenge kichakavu, usinunue. Kata vipande thelathini na moja usiku huu, cha kwanza ukifunge kwenye bidoni ya nyuma ya mlango wako kabla ya kulala.